Nilichokiandika kwenye Faili la Nyamwiza

Nimestaafu mwezi wa pili sasa, na bado nikisalimiana na mtu kwa mkono vidole vyangu vinateleza vyenyewe mpaka kwenye mshipa wake wa kifundo na kuanza kuhesabu. Mke wangu amenikataza kufanya hivyo kanisani. Anasema watu wa Nyaishozi wameanza kunikwepa wakati wa kutakiana amani, maana Jumapili moja nilimshika mzee wa kwaya mkono dakika nzima kisha nikamwambia aje kliniki Jumatatu. Alikuja. Alikuwa na tatizo kweli. Lakini mke wangu bado hajanielewa.

Ninyi mliobaki wodini mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu na wagonjwa wa moyo. Nitaandika. Vyeo nilivyopandishwa sitavieleza, kwa sababu havikuwa vingi na hakuna kimoja kilichomsaidia mgonjwa kupumua. Nitaeleza nilivyofundishwa, na siku niliyogundua kwamba sikuwa nimefundishika vizuri kama nilivyodhani.

Nilifika hospitalini msimu wa mvua nikiwa na viatu vyeupe vya chuoni. Udongo wetu mnaujua. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na viatu vyekundu, na muuguzi aliyenipokea, Sista Paskazia, alivitazama, akaniletea kandambili. Huyu hakuwa mtawa. Alikuwa mama wa watoto sita, mfupi, mwenye saa iliyobanwa kifuani kwa pini, na wodi nzima ilikuwa ikijua yuko wapi kwa kusikiliza mahali penye ukimya. Wagonjwa walimwita Sista. Mimi, kwa kuwa ni mwanaume, waliniita daktari tangu siku ya kwanza. Nilijitahidi kuwasahihisha kama mwaka mmoja hivi, kisha nikachoka.

Siku hiyohiyo alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi kitandani miguu imevimba mpaka magotini, anahema. Akaniambia nimhoji. Nikamwamkia mzee, akaitikia, nikatoa swali nililolipatia alama nzuri chuoni: usiku unalalia mito mingapi? Mnajua maana yake. Moyo ukidhoofika maji hupanda mapafuni, na mgonjwa hulazimika kulala ameinuka, kwa hiyo hesabu ya mito inakueleza hali yake.

"Mto wa nini?" mzee akauliza.

Nikaanza kumwelezea mto ni kitu gani. Sista Paskazia akanigusa bega. "Muulize analalaje."

Nikamuuliza. Akasema tangu mavuno analala ameegemea magunia mawili ya maharage, na mkewe ananung'unika kwa sababu kila akitaka kupika inabidi kwanza amwamshe. Nikamwangalia Sista. Akaniambia, "Andika hivyohivyo. Magunia mawili." Niliandika huku nikiona haya, nikidhani daktari atanicheka. Wiki tatu baada ya kuruhusiwa, mzee alirudi kliniki akiwa amechangamka, na kabla sijauliza akaniambia, "Sasa gunia moja tu." Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza niliyeandika kwamba anaendelea vizuri.

Hivyo ndivyo Sista Paskazia alivyokuwa akifundisha. Alikuwa na vifaa vitatu alivyoviheshimu. Cha kwanza kilikuwa kipimo cha presha cha zebaki, kizito, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukibeba kwa mkono mmoja. Kwetu kuna baridi, na mama wa kijijini anakuja kliniki na gauni, sweta mbili na koti la marehemu mume wake. Wapo wauguzi waliokuwa wakimfunga mtu kipimo juu ya yote hayo. Sista alikuwa akiwavua watu sweta mwenyewe, taratibu, akiwauliza habari za migomba. Halafu alikuwa hapimi mara moja. Mama zetu hupiga magoti wanaposalimia, na mtu aliyetoka kupiga magoti na kuinuka, tena amepanda kilima asubuhi hiyo, presha yake ni ya kilima. Anaachwa akae kwanza, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, hata kama foleni inafika mlangoni.

Kifaa cha pili kilikuwa mizani, ambayo ilipimwa kwa mfuko uleule wa mchele kila Jumatatu kuhakikisha haijaanza uongo. Cha tatu kilikuwa kidole gumba chake. Alikibonyeza juu ya mfupa wa muundi wa mgonjwa, akahesabu mpaka tano, akakiondoa, akainama kutazama shimo. Kutokana na kina cha shimo hilo alikuwa na uwezo wa kusema maji yamepungua au yameongezeka tangu jana, na mizani ilipoletwa ilikuwa ikikubaliana naye. Nimefanya kazi na mashine za kila namna tangu wakati huo, na ninaziheshimu, lakini bado ninakiheshimu zaidi kidole kile.

Kuhusu dawa nitasema jambo moja tu. Vile vidonge vya kutoa maji mwilini ndivyo vinavyorukwa kuliko vyote, na anayeviruka si lazima awe mzembe. Nilikuwa na mama mmoja wa Rugera, mwimbaji, ambaye kila Jumatatu alikuja amevimba kidogo. Nilimhubiria sana. Sista Paskazia akamuuliza ibada yao huchukua saa ngapi. Kumbe Jumapili hakimezi, kwa sababu hawezi kutoka kwenye safu ya kwaya kwenda chooni mara tano mbele ya mchungaji. Tukamwambia akimeze akishafika nyumbani. Shida ikaisha, na mimi nikajiona nimeiva.

Sasa nifike kwa Nyamwiza.

Nyamwiza alikuwa mke wa mkulima wa Songambele, mama wa watoto wawili, hajafika miaka thelathini. Utotoni aliugua koo mara kwa mara bila kutibiwa vizuri, na ugonjwa ule ukaharibu mlango mmoja wa moyo wake. Tulimpata akiwa hawezi kutoka kitandani hadi chooni bila kupumzika. Kwa bahati, mwaka huo walikuja madaktari wa moyo kutoka hospitali kubwa ng'ambo ya ziwa, wakampima, wakasema mlango ule unaweza kurekebishwa kwa upasuaji. Walikuwa na nafasi moja tu kwa mgonjwa wa upande wetu. Wakampa Nyamwiza, kwa sharti: watarudi baada ya miezi minne, na wakirudi wamkute hajavimba, uzito wake umetulia. Mwili uliojaa maji hauwezi kuhimili upasuaji ule. Wakimkuta amevimba, nafasi inakwenda kwa mwingine, na sote tulijua kwamba bila upasuaji hataumaliza mwaka uliofuata.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kumwandaa. Nilimwelekeza yeye na mama mkwe wake, Bibi Yustina, mwanamke mrefu aliyekuwa akimsindikiza kila safari. Vidonge, uzito kila wiki kwenye zahanati, na zaidi ya yote chumvi. Nikasema chumvi ni marufuku kabisa. Bibi Yustina alinisikiliza akiwa amefumba macho, akayarudia maneno yangu yote bila kukosea.

Mwezi wa kwanza akaletwa amevimba. Tukamlaza, tukamtoa maji kwa sindano, tukamruhusu. Baada ya wiki tatu akaletwa tena. Tukarudia. Nikamuuliza, "Nyamwiza, unakula chumvi?"

"Sili, daktari."

Mara ya tatu alipoletwa, zilikuwa zimebaki wiki sita. Nilibonyeza muundi wake, kidole kikazama. Nikauliza swali lilelile, akanijibu jibu lilelile, na nikakasirika. Sitawaficha. Nilimsema mbele ya wodi nzima. Nilimwambia kuna watu wanaoililia nafasi aliyopewa, na kwamba mimi si mtoto wa kudanganywa. Alivuta shuka akafunika miguu yake. Bibi Yustina alikuwa amesimama pembeni na kikapu chake.

"Waitu daktari," akasema kwa upole, kwa neno letu la heshima, "nyumbani hatuli chumvi."

"Miguu haidanganyi, mama," nikamwambia.

Kisha nikakaa mezani nikaandika kwenye faili: Mgonjwa hafuati maelekezo ya chakula. Nikapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, ili madaktari wa moyo wakija wasipoteze muda.

Mchana, wakati wa kupokezana zamu, Sista Paskazia alisoma faili lile. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho kazini na macho yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo alisoma akiwa amelisogeza faili mbali. Aliniuliza, "Umekwenda jikoni kwake?"

"Hapana."

"Umejuaje basi?"

"Miguu, Sista."

"Miguu imekwambia ana maji. Haikukwambia yametoka wapi."

Alhamisi yake gari la chanjo lilikuwa likielekea upande wa Kyerwa, kwa akina Nyamwiza. Akatuombea nafasi mbili. Njiani akawa anahesabu mashamba ya kahawa yaliyopaliliwa na yasiyopaliliwa. Mimi nilikuwa natayarisha moyoni maneno nitakayoyasema nikiiona pakiti ya chumvi.

Tulimkuta Bibi Yustina anamenya ndizi nje ya jiko. Nyamwiza, ambaye tulikuwa tumemruhusu siku mbili nyuma, alikuwa kwenye mkeka ukutani. Aliponiona alijaribu kuinuka, nikamwashiria akae. Tulisalimiana kirefu. Nikafungua mdomo kuuliza habari za chumvi, Sista akanikanyaga mguu. Akavuta kigoda, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi pamoja na mwenyeji. Walizungumza juu ya mbegu za maharage, zipi zinaiva upesi na zipi zinakula kuni. Ilichukua muda mrefu, na mimi nikakaa pale kama mgeni aliyekosea nyumba.

Chungu cha maharage kilikuwa jikoni tangu asubuhi. Bibi Yustina akainuka kukitazama, akakoroga, kisha akachukua kopo dogo kutoka dirishani, akatoa kipande cheupe chenye vumbi, akakitumbukiza. Akafikiri kidogo, akaongeza kingine.

"Unatia nini, mama?" nikauliza.

"Magadi."

"Mnatia siku zote?"

"Zamani kidogo tu, kulainisha maharage. Tangu mlipotukataza chumvi naongeza, na kwenye mboga pia. Chakula kilikuwa hakishuki. Watoto walianza kulala bila kumaliza."

Wenzangu, magadi nayo yana ile sodiamu iliyomo kwenye chumvi, ile inayovuta maji. Hilo nililijua tangu chuoni. Ningeulizwa kwenye mtihani ningelijibu na ningepata alama zote. Lakini hakuna mtu kwetu anayeyaita magadi chumvi. Hayakai kwenye kopo moja, hayanunuliwi kwa sababu moja. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye jiko la namna hiyo, mama yangu alikuwa na kopo lake dirishani, na katika miezi yote ile sikulikumbuka.

Sista Paskazia aliendelea kumenya. "Mnakula watu wangapi?" akauliza.

"Tisa."

"Wote bila chumvi?"

"Wote." Bibi Yustina alijibu kama anayeulizwa kama jua limechomoza. "Ningefanyaje? Nimpikie peke yake chungu cha pembeni? Sisi tunakula pamoja, jani moja la mgomba. Mtu akianza kutengewa chakula ataona tumeshamzika."

Watu tisa. Mzee wa nyumba, ambaye ana meno manne na furaha yake kubwa duniani ni mchuzi. Watoto wa Nyamwiza na binamu zao. Walikuwa wamepita msimu mzima wa senene, panzi wetu watamu, na kuwakaanga bila hata chembe ya chumvi. Anayetoka kwetu anajua hilo ni jambo gani. Mimi, mtaalamu wa moyo wa wodi namba mbili, sidhani kama ningeweza. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kuona familia iliyotii maelekezo ya muuguzi kwa kiasi kile, na hao ndio niliowaandika kwa wino mwekundu kuwa ni wakaidi.

Sista akaweka kisu chini, akanitazama. Alikuwa ananingoja. Nikamweleza Bibi Yustina, kwa maneno mepesi niliyoweza kuyapata, kwamba magadi yanafanya mwilini kazi ileile ya chumvi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama siku ya kwanza. Alipoyafumbua alishika chungu kwa mikono mitupu, kilivyo moto, akakiteremsha chini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namjaza maji," akasema.

"Hapana, mama. Niliwauliza chumvi, sikuwauliza magadi. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Kosa ni langu." Nikageuka kwenye mkeka. "Nawe Nyamwiza, nilikuaibisha mbele za watu na hukuwa umefanya kosa lolote. Naomba unisamehe."

Alikuwa akisokota upindo wa kanga. "Nilishaanza kujishuku mwenyewe, daktari," akasema. "Ilifika mahali nikilima kidogo najifuta jasho haraka, lisije likaniingia mdomoni."

Nimefiwa na wazazi na nimezika wagonjwa wengi niliowapenda, lakini maneno hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko yote niliyowahi kusikia kazini. Sista Paskazia hakunipa nafasi ya kujionea huruma. Alikuwa tayari ameagiza maharage ya kesho yalowekwe kwenye maji ili yalainike yenyewe, na alikuwa akimwonyesha Bibi Yustina namna ya kukazia ladha kwa kitunguu, nyanya na ndimu. Maharage yaliyokuwa chunguni walipewa nguruwe wa jirani. Tukala ndizi na mboga zilizokamuliwa ndimu, wote kwenye jani moja, na chakula kilikuwa kichachu kweli.

Tuliporudi nilitaka kuuchana ule ukurasa. Sista alinizuia. "Faili halichanwi. Andika chini yake." Nikapitisha mstari mmoja juu ya sentensi yangu, kwa namna ambayo bado inasomeka, nikaandika: Maelezo haya si sahihi. Mgonjwa na familia yake yote ya watu tisa wameacha chumvi tangu siku walipoelekezwa. Chakula kilikuwa kikitiwa magadi. Muuguzi hakuuliza. Nikaandika jina langu lote na kutia sahihi. Halikuwa jambo rahisi, kwa sababu nilijua watakaosoma ni watu ambao ningependa wanione hodari.

Zilibaki wiki tano. Kila wiki muuguzi wa zahanati ya kwao alinitumia uzito wa Nyamwiza. Ya kwanza ulishuka. Ya pili ukashuka tena. Ya tatu ukasimama, na ukakaa palepale.

Madaktari wa moyo walipokuja, kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye haraka. Alifungua faili la Nyamwiza akasoma akiwa amesimama. Akafika kwenye ule ukurasa, akaketi.

"Nani huyu ambaye hakuuliza?"

"Ni mimi, daktari."

Alinitazama, akarudi kusoma. Kisha alimwendea Nyamwiza, akabonyeza muundi wake, akahesabu. Hapakuwa na shimo. Akabonyeza mguu wa pili, ikawa vilevile. "Tisa," akasema polepole, akiwa kama anazungumza peke yake, halafu akamwambia mwenzake aandike jina la Nyamwiza kwenye orodha ya safari.

Siku ya kuondoka, mumewe ndiye aliyepanda naye gari. Bibi Yustina alibaki na watoto. Alikuja kumuaga, akamfunga kitenge kichwani vizuri, akamwambia maneno ya Kinyambo ambayo sikuyasikia. Gari lilipokuwa likiwashwa nilimsogelea, nikidhani namletea habari njema. Nikamwambia kuwa kwa kuwa Nyamwiza anakwenda kukaa huko muda mrefu, wao wengine sasa wanaweza kurudisha chumvi chunguni. Wao ni wazima, haitawadhuru.

Alitikisa kichwa. "Hapana, daktari. Akirudi atukute tunakula anachokula."

Hakuna aliyekuwa na hakika kwamba angerudi. Upasuaji uliahirishwa mara mbili. Kulikuwa na wiki nzima simu ya mumewe haipatikani, na kila nilipopita mlangoni Sista Paskazia alikuwa akiniangalia usoni kwanza, aone kama nimepata habari. Alistaafu tukiwa bado hatujui. Siku ya mwisho alinikabidhi mizani na mfuko wa mchele, akaniambia nikisikia lolote, liwe jema au baya, nimpelekee nyumbani kwa miguu yangu na nisimpigie simu.

Nilimpelekea. Nyamwiza alirudi baada ya karibu miezi mitatu. Alikuja kliniki akitembea kutoka stendi, amepanda mwinuko wote ule bila kupumzika, na Bibi Yustina nyuma yake ndiye aliyekuwa anahema. Nilimvua sweta, nikamwacha akae, nikampima. Nikahesabu mapigo yake dakika nzima, kisha nikahesabu dakika nyingine ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kitabibu. Yalikuwa yamepangika.

Nilipomaliza nilimgeukia Bibi Yustina nikamuuliza kama ni kweli, miezi yote hiyo hayupo, nyumba nzima wamekaa bila chumvi.

"Tulikuwa tunamsubiri," akasema.